Kiwanja cha Igombe mbele ya Mahakama ya Rufani: hukumu mbili zafutwa, mwenye ardhi hakutajwa

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa anagombea na jirani yake kipande cha ardhi Igombe, Manispaa ya Ilemela. Anashinda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwaka 2018. Anashindwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, mwaka 2020. Mwaka 2023 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, wakiwa kwenye kikao chao cha Mwanza, wanafuta ushindi wake na kushindwa kwake kwa pamoja, na kuagiza shauri lianze upya. Nje ya jengo, ndugu wa pande zote mbili wanaulizana: sasa kiwanja ni cha nani? Hakuna mwenye jibu, kwa kuwa swali hilo halikufika kuamuliwa.

Kisa hiki kimetungwa. Kimeunganishwa kutokana na makosa ambayo Mahakama ya Rufani imeyakuta mara kwa mara katika mashauri ya ardhi, na wahusika hawana majina. Sheria, kanuni, muda na mashauri yaliyotajwa kwa namba ni halisi. Namba za vifungu ni za Toleo la 2019 la sheria. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limepanga upya baadhi yake, kwa hiyo anayeandika hati leo aanzie huko.

Ugomvi wenyewe ni wa kawaida kabisa mwambao ule. Mama alinunua mwaka 2009 kwa mkataba wa kuandikwa kwa mkono, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Mkataba unasema ardhi inaanzia "barabarani hadi ziwani". Haukutaja majirani wa kushoto na kulia, wala haukutaja vipimo. Mwaka 2015 jirani alisogeza chanja zake za kuanikia dagaa akaingia hatua kumi na tano ndani ya eneo ambalo mama aliliona ni lake, akachimba na msingi wa stoo. Kwa kuwa thamani iliyotajwa kwenye maombi ilikuwa shilingi milioni 35, mama alikwenda moja kwa moja Baraza la Wilaya. Enzi hizo Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi milioni 3. Tangu marekebisho ya 2021 (Sheria Na. 5 ya mwaka huo) kata imebaki na usuluhishi tu, na Baraza la Wilaya halisikilizi shauri mpaka kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila kata kusuluhisha. Mtu akifungua leo bila karatasi hiyo ya kata anapigwa pingamizi la awali siku ya kwanza.

Kilichotokea Baraza la Wilaya

Hapa ndipo shauri lilipovunjika, na hakuna aliyesikia likivunjika.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinasema Baraza linakamilika likiwa na Mwenyekiti na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Wazee hao si watazamaji. Kabla Mwenyekiti hajaandika hukumu, wanatakiwa kutoa maoni yao, na kanuni ya 19(2) ya Kanuni za Mabaraza za 2003 (Tangazo la Serikali Na. 174) inataka maoni hayo yawe ya maandishi, wakipenda wanayaandika kwa Kiswahili. Maoni hayamfungi Mwenyekiti. Ila akiyakataa, kifungu cha 24 kinamtaka aeleze kwa nini.

Shauri la Igombe lilisikilizwa kuanzia 2016 hadi 2018. Mashahidi sita, safari moja ya kwenda eneo la mgogoro, maahirisho mengi. Mwenyekiti alikuwa makini na ushahidi. Hata safari ya Igombe aliifanya inavyotakiwa: pande zote zilikuwepo, mashahidi waliapishwa na kuulizwa maswali palepale, vipimo vikaandikwa, na waliporudi barazani yaliyoandikwa yakasomwa ili mwenye pingamizi aseme. Mabaraza mengi huharibu hapo, kwa kwenda kutazama shamba kama wageni na kurudi na picha kichwani isiyokuwa na maandishi.

Upande wa utetezi ulipofunga, ukurasa wa mwisho wa mwenendo, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yaliyotokea barazani, uliandikwa hivi, na ndio ukurasa ambao miaka mitano baadaye majaji walisimama nao:

"Mbele ya Mwenyekiti. Wazee: wapo wawili. Mwombaji: yupo. Mjibu maombi: yupo. Utetezi umefungwa. Amri: hukumu tarehe 23/11/2018."

Basi. Baada ya hapo inafuata hukumu, na ndani ya hukumu, aya ya tatu kutoka mwisho, kuna sentensi kwamba wazee wa baraza wote wawili wamemshauri Mwenyekiti kuwa mwombaji ashinde, naye anakubaliana nao.

Ungeuliza watu kumi waliokuwepo, wote wangesema wazee walishirikishwa, maana walikaa pale mbele mwanzo hadi mwisho na wakauliza maswali. Lakini rufaa haiulizi waliokuwepo. Inauliza karatasi. Ukurasa wa mwisho ulipaswa kuwa na amri tofauti: "Maoni ya wazee tarehe fulani." Kisha siku hiyo uandikwe mwenendo mwingine: pande zipo, mzee wa kwanza amesoma maoni yake, mzee wa pili amesoma yake, maoni yamepokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Ndipo ifuate: "Hukumu tarehe fulani." Ni nusu ukurasa wa kazi, na kwa mwendo wa kawaida wa baraza haichukui hata nusu saa.

Kwa nini husahaulika? Wazee hulipwa posho kwa siku waliyokaa, na siku ya kusoma maoni ni siku ya ziada ya kuwaita. Mwenyekiti mwenye majalada mengi hupokea maoni yao kwenye karatasi ofisini, anayasoma, anayabana nyuma ya jalada, anaandika hukumu. Wakati mwingine karatasi hizo huwapo kweli na hupotea jalada linapochapwa kwa ajili ya rufaa. Wakati mwingine muda wa mzee mmoja unakwisha katikati ya shauri na anawekwa mwingine ambaye hakuwasikia mashahidi wa kwanza, kosa ambalo nalo linatosha kuangusha mwenendo. Kifungu cha 23(3) kinamruhusu Mwenyekiti aendelee na kumaliza shauri hata mzee mmoja au wote wawili waliokuwepo mwanzo wakikosekana. Hakimruhusu kuingiza mgeni.

Hukumu ya Igombe ilitoka Novemba 2018. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani ikiwa Mbeya ilitoa uamuzi katika Rufaa za Madai Na. 286 na 287 za 2017, na zote mbili zilisema jambo lilelile: maoni ya wazee lazima yasomwe mbele ya pande zinazogombana ili zijue wazee wamesema nini kabla ya hukumu. Miezi michache nyuma yake, katika Rufaa ya Madai Na. 154 ya 2015, ilikwishasema kwamba si salama kudhani maoni yalitolewa kwa kusoma tu maneno ya Mwenyekiti ndani ya hukumu. Mawakili waliofuatilia maamuzi hayo walianza kupekua majalada yao mapema 2019. Wa kisa hiki hawakupekua, wa upande wowote.

Mahakama Kuu, na kwa nini nayo ilipita juu ya kosa

Jirani alikata rufaa ndani ya siku 45 zilizowekwa na kifungu cha 41. Mahakama Kuu ikikaa kama mahakama ya kwanza ya rufaa ina uhuru wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia hitimisho lake. Ikafanya hivyo. Iliona mkataba wa 2009 hauna mipaka, iliona mashahidi wa mama wanapingana kuhusu mkuyu uliokuwa alama ya mpaka, ikageuza hukumu Machi 12, 2020 na kumpa jirani ushindi.

Sababu tano za rufaa alizoleta wakili wa jirani zote zilihusu ushahidi. Hakuna iliyogusa wazee wa baraza. Mama naye asingeligusa jambo hilo, kwani yeye ndiye aliyeshinda kule chini; nani anakata tawi alilokalia? Kwa hiyo kosa lilivuka Mahakama Kuu bila kutajwa, jambo ambalo si nadra. Jaji hushughulika kwanza na yale yaliyowekwa mezani kwake.

Njia ya kwenda juu, siku kwa siku

Watu wengi hupotezea rufaa zao hapa, wala si kwenye hoja. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinahesabu siku, na kila hesabu ina mwanzo wake. Hatua za mama zinafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu safari hii wakili wake alifanya vizuri.

Machi 20, 2020, siku ya nane baada ya hukumu, aliandika barua kwa Msajili akiomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo (hati fupi ya amri zilizotokana na hukumu), na nakala ya barua hiyo akampelekea jirani, akasainiwa kupokea. Barua hii inatakiwa ndani ya siku 30 za hukumu. Nakala ya kumpelekea mwenzako huonekana kama adabu tu. Kanuni ya 90(3) inaifanya kuwa sharti. Asiyempelekea hawezi kutegemea baadaye cheti cha ucheleweshaji, yaani hati ya Msajili inayoondoa kwenye hesabu siku za kusubiri nakala, na rufaa yake huonekana imechelewa hata kama kuchelewa kote kulikuwa kwa masijala.

Aprili 2, siku ya 21, aliwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Mwisho ni siku 30 (kanuni ya 83). Aprili 8 akampa jirani nakala, ndani ya siku 14 za kanuni ya 84.

Aprili 6 aliomba kibali cha Mahakama Kuu cha kukata rufaa, kwani wakati ule kifungu cha 47 cha Sura ya 216 kilitaka kibali kwa rufaa ya ardhi ambayo Mahakama Kuu ilikaa juu yake kama mahakama ya rufaa. Kibali kilitoka Septemba. Hatua hii leo haipo: Sheria Na. 11 ya 2023 iliiondoa kuanzia Desemba 1, 2023. Mashauri yaliyoanzia Baraza la Kata yalikuwa na sharti lake jingine, cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kuwa kuna hoja ya sheria, na wenye mashauri ya zamani ya aina hiyo wasichanganye kibali na cheti.

Nakala zikachelewa. Kanuni ya 90(5), iliyoongezwa na marekebisho ya 2019, inampa Msajili siku 90 kuandaa nakala, na inamtaka mrufani azifuatilie ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kupita, asikae nyumbani akisubiri simu. Kutoka Machi 20, siku ya 90 ilikuwa Juni 18, na ya mwisho ya kufuatilia Julai 2. Wakili aliandika barua ya kukumbusha Juni 29, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo mmoja ndio uliookoa rufaa, kwa sababu nakala zilikuja kutoka Novemba 9.

Msajili alitoa cheti cha ucheleweshaji kinachoondoa kwenye hesabu siku zote kuanzia Machi 20 hadi Novemba 9, 2020. Kuanzia Novemba 10 zikahesabiwa siku 60, zinazoishia Januari 8, 2021. Rufaa iliwasilishwa Januari 5: sababu za rufaa, kumbukumbu za rufaa katika nakala tano, na dhamana ya gharama. Nakala ya jirani ilimfikia ndani ya siku saba, na hoja za maandishi zikawasilishwa kabla ya siku 60 kwisha, yaani kabla ya Machi 6.

Cheti cha ucheleweshaji kina ubishi wa miaka mingi. Kikiwa na tarehe isiyo sahihi, hata kwa siku moja, huko nyuma kilifuta rufaa nzima, ingawa anayekiandika ni Msajili na si mrufani. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 3A kwenye Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, kinachoitaka Mahakama iweke mbele haki, wepesi na gharama nafuu, na tangu hapo majaji wamekuwa wepesi kumruhusu mrufani arudi kurekebishiwa cheti. Katiba yenyewe, ibara ya 107A(2)(e), inataka haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya ufundi. Lakini Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba vifungu hivyo si dawa ya kila ugonjwa: muda uliowekwa na sheria na mamlaka ya chombo kilichosikiliza shauri havitibiwi kwa njia hiyo. Afadhali kukisoma cheti palepale dirishani na kukirudisha kikiwa na kosa kuliko kuja kuomba huruma mbele ya majaji watatu.

Katikati ya yote hayo, Agosti 10, jirani alipeleka tangazo la utekelezaji: mama apewe siku 14 aondoke, la sivyo dalali wa baraza aje kumtoa. Taarifa ya kusudio la rufaa haizuii utekelezaji, na wengi hugundua hilo dalali akiwa mlangoni. Kanuni ya 11 inampa mtu siku 14 tangu apate tangazo kuomba zuio. Maombi ya mama yaliingia Agosti 19 yakiwa na vitu vinne ambavyo kimoja kikikosekana maombi hutupwa: taarifa ya rufaa, hukumu, tuzo, na tangazo lenyewe la utekelezaji. Kisha aoneshe hasara kubwa atakayopata, na atoe dhamana; ahadi thabiti ya kuweka dhamana inatosha kwenye hatua hiyo, alimradi akiamriwa aiweke ndani ya muda. Maombi ya Mwanza hutambulika kwa alama /08 baada ya namba, na anayetafuta maamuzi ya kanda hii kwenye hifadhi ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure, anaweza kuyabaini kwa alama hiyo.

Kama angechelewa hatua yoyote, mlango uliobaki ni kanuni ya 10, kuongezewa muda mbele ya jaji mmoja. Vigezo vyake vimetulia tangu Ombi la Madai Na. 2 la 2010: aeleze kila siku aliyochelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, aonekane alikuwa mwangalifu, au aoneshe sababu nyingine nzito kama vile uharamu unaoonekana kwenye uamuzi wenyewe. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi ya hospitali yenye tarehe zinazofunika pengo lote haijawahi kumfikisha mtu mbali.

Mahakama hii ni ipi hasa

Anayesoma habari za Marekani huzoea picha ya majaji tisa waliokaa pamoja kwenye kila shauri, na wanaochagua wenyewe mashauri machache ya kusikiliza. Kura nne kati ya tisa zinatosha kulikubali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haiko hivyo. Haichagui: rufaa iliyotimiza masharti inasikilizwa. Haikai yote: ibara ya 122 ya Katiba inataka majaji wasiopungua watatu, na watatu ndiyo kawaida, kwa jambo zito jopo huongezwa, kama rufaa ya mgombea binafsi iliyoamuliwa Juni 2010 na majaji saba. Na haikai mahali pamoja: inahama kwa vikao, ndiyo maana mtu wa Igombe anasikilizwa Mwanza bila kupanda basi.

Ilianza 1979, baada ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Tanzania si shirikisho, lakini ina kitu kinachokaribia ugawaji wa mahakama wa nchi za shirikisho: Tanzania Bara ina Mahakama Kuu yake, Zanzibar ina yake, na Mahakama ya Rufani imo kwenye orodha ya Mambo ya Muungano, kwa hiyo inapokea rufaa kutoka pande zote mbili. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama za Kadhi hayaiingii. Wala mgogoro kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi kuhusu tafsiri ya Katiba ya Muungano. Huo una Mahakama Maalum ya Katiba ya ibara ya 126, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila serikali.

Siku ya kusikilizwa

Hoja za maandishi zilishawasilishwa, kwa hiyo mawakili walijiandaa kusisitiza machache. Wakili wa mama alikuwa na hoja nzuri. Kwa kawaida Mahakama ya Rufani, ikikaa kama rufaa ya pili, haigusi mambo ya ushahidi ambayo vyombo viwili vya chini vimekubaliana. Hapa havikukubaliana: Baraza lilisema hivi, Mahakama Kuu ikasema vile. Mlango wa kuutazama upya mkataba na ule mkuyu ulikuwa wazi kuliko kawaida.

Hakuufikia. Kabla hajaanza, jopo liliwataka mawakili wote wawili wafungue mwisho wa mwenendo wa Baraza, wauoneshe ukurasa ambao wazee walisoma maoni yao mbele ya pande zote, na waseme nini matokeo yake kama haupo.

Namna ya kuuliza ni muhimu sawa na swali. Mahakama ikiibua hoja yenyewe haiwezi kuiamua bila kuwasikia wahusika. Haki ya kusikilizwa iliyo kwenye ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inaifunga hata mahakama ya juu kabisa. Ndiyo maana hoja iliwekwa wazi, na mawakili wakapewa nafasi. Wakili wa mama alikubali ukurasa haupo. Wakili wa jirani alijaribu kifungu cha 45 cha Sura ya 216, kinachosema uamuzi wa Baraza hautenguliwi kwa dosari ndogo isipokuwa iwe imeharibu haki. Hoja hiyo ilikuwa na upungufu mmoja: maamuzi yaliyotangulia yamekwishasema kuwa ushiriki wa wazee ni sehemu ya jinsi Baraza linavyoundwa. Dosari ya kuundwa kwa chombo hairekebishwi na kifungu cha dosari ndogo.

Siku chache baadaye amri ikasomwa. Kwa mamlaka ya kifungu cha 4(2) cha Sura ya 141, mwenendo na hukumu ya Baraza vimefutwa. Mwenendo na hukumu ya Mahakama Kuu navyo vimefutwa kwa kuwa vilijengwa juu ya kitu kisichokuwepo kisheria. Shauri lirudi Baraza la Wilaya lisikilizwe upya mbele ya Mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Kwa kuwa hoja iliibuliwa na Mahakama, kila upande ubebe gharama zake.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Mahakama isingeamua tu, kwa kuwa ushahidi wote ulikuwa kwenye kumbukumbu? Swali hilo lina uzito, hasa kwa mama aliyekwisha kulipa mawakili miaka saba. Jibu la kisheria ni kwamba ushahidi uliochukuliwa katika mwenendo uliofutwa haupo mezani. Jibu hilo ni sahihi. Ila lina bei, na bei hiyo inalipwa na wasiokosea. Mwenyekiti, wazee na masijala ndio wenye kuandika mwenendo. Wadaawa, yaani wanaogombana, wanaukuta umeandikwa. Dawa iliyo mikononi mwa mdaawa ni ndogo: siku utetezi unapofungwa, yeye au wakili wake asimame aombe, kwa heshima, tarehe ya maoni ya wazee iandikwe kwenye mwenendo. Na yeyote aliyeshinda Baraza la Wilaya alipie ukaguzi wa jalada kabla siku 45 za mpinzani hazijapita, ajue ushindi wake umesimama juu ya nini.

Baada ya amri

Kuomba Mahakama ya Rufani ipitie upya uamuzi wake kunawezekana ndani ya siku 60 chini ya kanuni ya 66, lakini kwa sababu tano tu: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililoleta dhuluma, kunyimwa haki ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, Mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika si mojawapo. Kwa kisa hiki maombi hayo yangekuwa kupoteza pesa, na wakili mwaminifu angesema hivyo.

Kuanza upya mwaka 2023 hakufanani na kuanza 2016. Mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mkataba amefariki. Maneno aliyoyatoa barazani yameondoka na mwenendo uliofutwa, imebaki saini yake. Ziwa nalo halikusubiri. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964, na mwambao mwingi wa Mwanza ukaliwa na maji. Mkataba unaosema "hadi ziwani" unahitaji sasa mpima ardhi wa kueleza ziwa lilikuwa wapi mwaka 2009. Akishapima, litaibuka jambo ambalo hakuna upande uliolitaja mara ya kwanza: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Msingi wa stoo ya jirani uko humo, na sehemu ya eneo la mama pia. Baraza linaweza kumtambua mmiliki na bado asiruhusiwe kujenga.

Kazi ya kwanza ya wakili wa mama ni kwenda masijala ya Baraza na kuomba kwa barua arudishiwe mkataba halisi uliopokelewa kama kielelezo mwaka 2017. Vielelezo vya mwenendo uliofutwa vinatolewa upya, na nakala haitapokelewa kirahisi kama halisi imebanwa kwenye jalada la zamani ambalo limeshasafiri hadi Mahakama Kuu na kurudi. Aende na namba ya shauri la zamani, nakala ya amri ya Mahakama ya Rufani, na asiondoke bila barua yake kugongwa muhuri.